Nyama Huharibika Kabla ya Kisu

*Mhadhara wa wazi kuhusu safari ya nguruwe kutoka bandani hadi machinjioni*



Hapa mezani nimeweka sahani mbili nyeupe. Kila moja ina kipande cha mgongo wa nguruwe. Nguruwe wenyewe walichinjwa jana. Ni wa rika moja, mbegu moja, na wamekula pumba na mashudu ya banda moja. Kipande cha kwanza kina rangi ya waridi iliyokolea. Ukikibonyeza kwa kidole kinarudi, na sahani yake ni kavu. Kipande cha pili kimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Ukikibonyeza, kidole kinaacha shimo, na chini yake kuna maji mepesi mekundu, kama vijiko vitatu, yanayokwenda huku na huku ukiinamisha sahani.

Kilichowatenganisha nguruwe hawa ni saa chache za mwisho. Wa kwanza aliletwa alfajiri pamoja na wenzake aliokua nao, akapumzishwa kivulini, akachinjwa ametulia. Wa pili aliletwa saa nane mchana, amefungwa kamba miguu yote minne, akashushwa kwa kuvutwa masikio, akachinjwa palepale angali anahema.

Mteja atakayenunua kipande cha pili atakitia kwenye sufuria, atakiona kinatoa povu na kusinyaa, kisha atakitafuna na kukiona kikavu. Atarudi buchani kulalamika kwamba ametiliwa maji. Mwenye bucha ataapa kwamba hakutia hata tone, na atakuwa anasema kweli. Maji yale yalikuwa ndani ya nyama tangu mwanzo, nayo hiyo nyama ilipoteza uwezo wa kuyashika kabla kisu hakijagusa shingo.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Siku ya mwisho ya mnyama ni sehemu ya ufugaji. Mfugaji anayehangaika miezi saba na chakula, chanjo na usafi wa banda, kisha akamkabidhi nguruwe wake kwa yeyote mwenye gari na kamba, anakuwa ameacha kazi yake njiani.

Najua humu ukumbini wamo ambao dini yao imewakataza nyama hii. Nawashukuru kwa kuja. Nitakayosema kuhusu hofu na misuli yanamhusu pia ng'ombe na mbuzi. Tena mafundisho ya Uislamu juu ya uchinjaji yalilikazia jambo hili karne nyingi kabla maabara hazijajengwa: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya mnyama, na mnyama asitaabishwe. Sayansi nitakayoieleza imefika mahali ambapo watu wacha Mungu walikwisha kufika.

Kinachotokea ndani ya msuli

Msuli wa mnyama una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Mnyama akikimbia au akiogopa, msuli huichoma akiba hiyo kupata nguvu. Akiwa hai, damu huleta oksijeni na kuondoa taka. Akishachinjwa, damu hukoma lakini msuli haujui. Huendelea kuichoma ile sukari bila oksijeni, na kinachobaki ni asidi ya laktiki, ambayo haina tena damu ya kuiondoa. Hujikusanya humo humo, na nyama huanza kuchachuka.

Uchachu huu ni jambo jema. Ndio unaoifanya nyama iive, iwe laini, na isiharibiwe upesi na bakteria. Tunaupima kwa namba iitwayo pH: kadiri namba inavyoshuka, uchachu unaongezeka, na kila hatua moja kamili ni uchachu mara 10. Msuli wa nguruwe aliye hai una pH ya 7 hivi. Akichinjwa akiwa ametulia, namba hiyo hushuka polepole kwa saa 6 hadi 8, mpaka ifikie 5.6 au karibu na hapo. Wakati huo nyama nayo imekuwa ikipoa. Uchachu unapokolea, joto limekwisha kuondoka.

Sasa mtazameni yule nguruwe wa pili. Moyo unamwenda mbio, adrenalini imejaa kwenye damu, joto la mwili limepanda. Msuli wake ulikuwa unachoma sukari kwa kasi tangu kwenye gari, na kisu hakiizimi kasi hiyo. Ndani ya dakika 45 baada ya kuchinjwa, pH yake inaweza kuwa imekwisha kushuka chini ya 6 ilhali nyama bado ina joto la mwili, au hata zaidi. Uchachu na joto vimekutana.

Kina mama mliopo hapa mnajua matokeo ya mkutano huo. Ukikamulia ndimu maziwa yanayochemka, hukatika papo hapo. Mtindi unaelea juu na maji yanabaki chini. Protini za nyama nazo hukatika vivyo hivyo. Kama robo tatu ya uzito wa nyama isiyo na mafuta ni maji, yaliyoshikwa na protini hizo mithili ya sifongo. Protini zikikatika, sifongo limeharibika, na maji hutafuta njia ya kutoka. Nyama inapauka, inalegea, inavuja. Nitaiita nyama iliyopauka. Miaka ya 1950 mtafiti Ludvigsen wa Denmark aliandika juu ya hali hiyo, na kwa muda fulani watu walidhani ni ugonjwa wa msuli. Baadaye ikaeleweka kwamba mambo mawili hukutana hapo: maumbile ya mnyama na namna alivyotendewa saa zake za mwisho.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Jokofu haliwezi kuirudisha nyama hii katika hali yake, wala mpishi hodari. Mwenye kiwanda cha soseji naye anaikwepa, kwa sababu haishiki maji wala viungo.

Mwendo mrefu na nyama nyeusi

Kuna sura ya pili ya hasara, nayo huja kwa njia iliyo kinyume. Hofu ya ghafla kabla ya kisu huleta nyama iliyopauka. Taabu ya muda mrefu huleta nyama nyeusi.

Nguruwe aliyesafiri usiku na mchana, akapigana na wageni njiani, akakosa maji, kisha akalala machinjioni bila chakula, huwa ameichoma karibu akiba yake yote ya glaikojeni. Akichinjwa, msuli hauna sukari ya kugeuza kuwa asidi. Uchachu hauji. Namba ya pH hubaki juu ya 6 hata kesho yake. Nyama inakuwa na rangi nzito inayoelekea weusi, inanata mkononi, na maji yamo ndani lakini ladha haipo. Wenye ng'ombe wanaijua hali hii vizuri, maana ng'ombe dume waliochanganywa na kupigana njiani hutoa nyama ya namna hiyo mara nyingi.

Ubaya wa nyama hii katika nchi zetu ni mkubwa kuliko wa ile iliyopauka. Bakteria hawana uchachu wa kuwazuia. Zaidi ya hayo, wakikosa sukari huanza mapema kula protini zenyewe, na hapo ndipo harufu inapotokea. Pale ambapo jokofu ni la uhakika, hasara ni siku kadhaa za kuihifadhi. Pale ambapo umeme hukatika na nyama inaning'inia nje kwenye ndoano tangu asubuhi, hasara inaweza kuwa tumbo la mlaji.

Mnyama asiyeweza kutoka jasho

Ili tuelewe kwa nini nguruwe huumia njiani kuliko mifugo mingine, tukumbuke maumbile yake. Jasho lake ni haba mno, haliwezi kumpoza. Chini ya ngozi ana mafuta yanayozuia joto kutoka, na moyo wake ni mdogo ukilinganishwa na mwili anaoutumikia. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 39. Akiwa huru hujipoza kwa kugaagaa kwenye matope, na watu humwita mchafu kwa sababu hiyo. Ukimpandisha kwenye gari umemnyima matope, na kilichobaki ni kuhema.

Chukueni safari inayofahamika na wengi hapa, ya kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Nguruwe amekulia kwenye baridi ya karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anapakiwa jioni, ukungu umeanza kushuka. Makambako, Mafinga, Iringa, hali bado ni njema. Kisha gari linateremka Kitonga, kona baada ya kona, na kila breki inawasukuma wote mbele, wa nyuma wakiwalalia wa mbele. Chini, Ruaha Mbuyuni, hewa imebadilika. Ni nchi ya mibuyu na vitunguu na joto. Mikumi, Morogoro. Jua linachomoza. Mikese kuna foleni ya mizani. Chalinze dereva anakunywa chai. Vigwaza kuna mizani nyingine. Kibaha kuna msongamano, na kufikia hapo ni saa tano asubuhi, na hewa ya Pwani ina unyevu unaofanya hata kuhema kusimpoze vizuri.

Madereva, naomba mnisikilize hapa kuliko popote. Gari letu halina feni. Upepo wa mwendo ndio feni yake. Gari likisimama, feni imezimwa, na kila mnyama aliyemo anaendelea kutoa joto na mvuke. Nusu saa ya kusimama juani inaweza kuua nguruwe ambao saa 10 za mwendo hazikuwaua. Mkilazimika kusimama, simameni chini ya mti, ubavu wa gari uelekee upepo, na chai iwe fupi. Mpangilio ulio bora ni kupanga saa ya kuondoka kwa kuhesabu kutoka mwisho: gari lifike mjini kabla ya jua kuwa kali.

Kuna wanaomwagia maji nguruwe aliyezidiwa na joto. Maji ni tiba nzuri, lakini tusimmwagie ndoo nzima ya maji baridi ghafla, maana mshtuko unaweza kummaliza. Lowesheni sakafu kwanza, kisha miguu na tumbo kidogo kidogo, huku upepo ukipita. Chini wekeni mchanga uliolowa au maranda ili asiteleze. Anayeteleza huogopa, na anayeanguka hukanyagwa.

Nafasi nayo ni hesabu, hatuhitaji kuibahatisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 juu ya usafirishaji wa wanyama inasema mzigo wa nguruwe wa kilo 100 usizidi kilo 235 kwa kila mita ya mraba, na kwamba kukiwa na joto au safari ndefu nafasi iongezwe hadi asilimia 20. Chukua bodi ya gari yenye upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 6. Hiyo ni mita za mraba 13.2, yaani nguruwe 31 wa kilo 100. Kwa joto letu, ukiongeza ile asilimia 20, ni 25. Kila mmoja aweze kusimama, na wote waweze kulala kwa wakati mmoja. Aliyeketi juu ya mwenzake hapumziki, na aliye chini hapumui.

Nimewaona pia nguruwe kwenye bodaboda, Kampala na miji mingine, wamefungwa chali nyuma ya dereva. Ninajua mwenye nguruwe mmoja hawezi kukodi Fuso. Lakini mnyama aliyefungwa chali anabanwa mapafu na uzito wake mwenyewe, kamba zinakata miguu, na ekzosi ipo karibu na ngozi. Wafugaji wadogo watano wakikubaliana siku moja, kirikuu kimoja chenye tela la mbao na kivuli kinawatosha, na gharama kwa kila mmoja haitofautiani sana na ile ya bodaboda. Wawekewe tu ubao wa kutenga kila kundi, maana nguruwe wa mabanda mbalimbali wakichanganywa hupigana mpaka ijulikane nani mkubwa, na alama za meno hubaki kwenye ngozi hadi buchani.

Nguruwe, nusukaputi na binadamu

Nimesema nyama iliyopauka hutokana na kutendewa vibaya pamoja na maumbile. Nieleze kidogo hayo maumbile, kwa sababu yana habari ambayo kila mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji anapaswa kuijua.

Mwaka 1960, huko Melbourne, Australia, madaktari Denborough na Lovell walieleza habari za kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Kijana huyo aliogopa nusukaputi kuliko mguu wenyewe, kwa sababu ndugu zake 10 walikuwa wamekufa baada ya kulazwa kwa dawa ya usingizi. Walimpa halotheni, dawa iliyokuwa mpya. Baada ya dakika chache hali yake ikawa mbaya. Wakaisimamisha dawa, wakampoza kwa barafu, akapona. Ukoo huo ulikuwa na kasoro ya kurithi: dawa za usingizi za namna ile ziliwasha misuli yao yote kwa pamoja, joto likapanda bila kizuizi.

Watafiti wakagundua kwamba wako nguruwe wanaofanya hivyo hivyo, hasa wa mbegu za misuli minene kama Piétrain ya Ubelgiji na baadhi ya Landrace. Nguruwe hao hawakuhitaji dawa. Kupakiwa tu kwenye gari kuliwatosha: walitetemeka, wakakakamaa, wakafa; na waliofika wakiwa hai walitoa nyama iliyopauka. Ni kwa nguruwe wa namna hiyo ambapo mwaka 1975 daktari Gaisford Harrison, huko Cape Town, alionyesha kwamba dawa ya dantrolini inauzima moto huo. Dawa hiyo ndiyo inayookoa wagonjwa wa hali hiyo katika vyumba vya upasuaji hadi leo. Mwaka 1991 Junichi Fujii, David MacLennan na wenzao waliipata kasoro yenyewe kwenye jeni ya nguruwe: herufi 1 tu imebadilika, na kwa sababu hiyo mlango unaotoa kalisi ndani ya msuli hufunguka upesi na kuchelewa kufungwa.

Kuanzia hapo nguruwe angeweza kupimwa kwa damu kidogo, na nchi nyingi za ufugaji mkubwa zikaiondoa jeni hiyo katika mbegu zao. Nyama iliyopauka ilipungua, lakini haikwisha. Nguruwe wasio na kasoro yoyote waliendelea kutoa nyama mbovu pale walipopigwa, walipobanwa na walipochinjwa wakihema. Nalisisitiza hili kwa sababu baadhi yetu wanatafuta mbegu mpya zenye mapaja makubwa. Tuwaulize wauzaji kama mbegu hiyo imepimwa jeni hiyo yenye kasoro. Lakini mbegu njema nayo itaharibika mikononi mwa mpakiaji mbaya.

Dakika kumi kwenye ubao wa kupandia

Wakati wa kupakia ndio mgumu kuliko yote. Safari yenyewe nguruwe huizoea baada ya muda. Kupandishwa hakuzoei, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kupanda mlima.

Alfajiri moja nilikuwa kwenye shamba dogo la mama mmoja mjane. Gari lilikuwa limekuja kuchukua nguruwe 8. Ubao wa kupandia uliegemezwa kwa mwinuko mkali, na kati ya ubao na bodi kulikuwa na mwanya wa vidole vinne ambao taa ya gari ilipenya. Nguruwe wa kwanza alifika kwenye mwanya, akainamisha kichwa, akagoma. Tingo akamkamata mkia, akaupindisha. Nguruwe akapiga yowe, na wale saba waliobaki bandani wakaanza kuzunguka na kugonga kuta.

Mama akasema, "Mwanangu, mwache kwanza." Akaenda jikoni, akarudi na gunia na kopo la pumba. Gunia akalitandika juu ya mwanya. Akamwomba dereva azime taa iliyowamulika usoni, awashe ile ya ndani ya bodi. Akamwaga pumba kidogo mwanzo wa ubao, kidogo katikati, na ngumi moja juu kabisa. Kisha akasimama pembeni, wala hakusema kitu. Tuliganda pale kama dakika kumi. Nguruwe alinusa gunia, akaweka mguu, akautoa, akauweka tena, akapanda. Waliobaki wakamfuata mmoja mmoja, bila fimbo. Yule tingo aliniambia baadaye kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupakia bila kupiga.

Mama yule hakusoma kitabu, lakini alichokifanya ndicho wataalamu wanachokifundisha. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, amefanya kazi ya maisha yake kuingia kwenye njia za machinjio na kuzitazama kwa macho ya mnyama. Ameonyesha kwamba mara nyingi mnyama anayegoma ameona kitu: kivuli sakafuni, dimbwi linalong'aa, mnyororo unaoning'inia, mtu aliyesimama mbele. Nguruwe huona karibu pande zote, lakini hapimi vizuri kina cha shimo. Mwanya wa vidole vinne kwake ni korongo. Hapendi kuingia gizani akitokea kwenye mwanga, bali hutoka gizani kwenda penye mwanga kwa hiari. Akiwa na wenzake wanne au watano hutembea. Wakiwa ishirini husongamana.

Kwa hiyo nunueni ubao mpana wa kuwaongozea, wa kushika kwa mikono miwili, uwe ukuta unaotembea nyuma yao. Mwinuko wa kupandia usizidi nyuzi 20, na vipande vya mbao vipigiliwe juu yake kuzuia kuteleza. Penye kichuguu au kingo ya ardhi, gari lirudi nyuma hadi hapo na mwinuko wote utaisha. Mwenda pole hajikwai, na nguruwe aliyepandishwa pole hatoi maji buchani.

Tusiwalishe asubuhi ya safari. Wapo wanaowajaza chakula ili mizani ipande. Chakula hicho hakigeuki nyama. Tumbo lililojaa hubana mapafu, nguruwe hutapika njiani, na utumbo uliojaa hupasuka kwa urahisi machinjioni ukaichafua nyama yote. Toka mlo wa mwisho hadi kisu zipite saa 12 hadi 18. Maji wapewe mpaka dakika ya mwisho.

Machinjioni

Gari likifika, lishushwe mara moja. Nguruwe wapumzishwe kivulini saa 2 hadi 3, wapate maji ya kunywa na ya kunyunyiziwa, wakae na wenzao waliosafiri nao. Ule muda si wa kupoteza. Ndio muda ambao moyo unatulia, joto linashuka na kuhema kunaisha. Lakini wasilazwe usiku kucha na wageni, tukarudi kwenye nyama nyeusi.

Hatua za mwisho kutoka zizini hadi pa kuchinjia zinaweza kuharibu yote yaliyotangulia. Fimbo ya umeme, teke au mbio za dakika moja tu zinatosha kuuwasha msuli. Kisha mnyama azimishwe fahamu kabla ya kisu. Palipo na umeme, koleo la umeme lenye nguvu ya angalau ampea 1.3 likishikwa kichwani humzimisha kwa mara moja, na damu itolewe ndani ya sekunde 15. Pasipo na umeme, ipo bastola maalumu inayosukuma chuma kwenye paji la uso. Nyundo ninayoiona mara nyingi nyuma ya nyumba hukosea, na pigo la pili humkuta mnyama mwenye hofu kuu ya maisha yake yote. Hofu hiyo tunaila.

Na gari likishashusha lioshwe kwa sabuni na dawa kabla halijarudi shambani. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, hupanda gari kama abiria. Dereva anayepita banda hadi banda na kinyesi cha jana kwenye bodi anaweza kuumaliza mtaa mzima.

Nani alipe?

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeweka miongozo ya usafirishaji na uchinjaji tangu mwaka 2005. Nazithamini sheria hizi, lakini nimekagua nyama miaka mingi, na naona kikwazo kimekaa kwenye malipo. Mfugaji analipwa kwa kichwa, akishapokea fedha kazi yake imeisha. Dereva analipwa kwa safari, kwa hiyo anajaza na kukimbia. Mchinjaji analipwa kwa idadi, naye anaharakisha. Mwenye bucha anaiona hasara ikidondoka kwenye sahani, lakini hajui ilianzia wapi. Kila mmoja anamwachia mwenzake.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya serikali.

La kwanza, kila gari liwe na karatasi: saa ya kupakia, saa ya kufika, waliopakiwa wangapi, waliokufa wangapi, waliochechemea wangapi. Dereva ambaye hajapoteza mnyama kwa mwezi mzima aongezewe malipo.

La pili, mwenye bucha apime. Kata kipande cha gramu 100 cha mgongo siku moja baada ya kuchinja. Kifunge uzi, kining'inize ndani ya kopo lenye mfuniko kisiguse pembeni wala chini, kiache kwenye jokofu saa 24, kisha kipime tena. Kikipoteza gramu 1, 2 au 3, nyama hiyo ni njema. Kikipoteza zaidi ya 5, nyama imepauka. Andika pembeni jina la dereva na la shamba. Baada ya miezi miwili daftari litakuonyesha maji yanatoka kwenye gari lipi.

La tatu, vyama vya wafugaji na wenye mabucha wakubaliane bei mbili. Nyama inayoshika maji yake ipate zaidi. Tofauti hiyo ikimfikia mfugaji, dereva na tingo, subira itakuwa na thamani mfukoni, na hatutahitaji kuwahubiria.

Nimezungumza sana habari za hasara, kwa kuwa wengi wetu hapa tunaishi kwa biashara hii. Lakini nisiwafiche ninachokiamini. Hata kama nyama ya mnyama aliyeteswa ingekuwa sawa na ya aliyetunzwa, bado ningesimama hapa. Mnyama huyu ametulipia ada za watoto, ametujengea nyumba, na yeye hatudai kitu. Tunamdai kila kitu, hata uhai wake. Kumpa saa za mwisho zisizo na hofu ni deni letu kwake. Ni neema kubwa kwetu kwamba deni hili na faida yetu vimekaa upande mmoja, na hakuna haja ya kuchagua.

Alfajiri ya kesho, kabla ya adhana na kabla ya kengele za kanisa, kuna gari litakalorudi nyuma kwenye ubao wa shamba fulani, na nguruwe wa kwanza atainamisha kichwa na kugoma. Baadhi yenu mtakuwa hapo. Tazameni alichokiona. Tandikeni gunia. Mpeni dakika kumi.